Mabibi wa Vitabuni na Bei ya Kusema "Sitaki"

Alasiri moja ya likizo nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu, nimetoka kusali, nangoja kahawa, mpwa wangu akaja na kitabu mkononi. Jalada lilikuwa limekatika pembe. Juu yake amechorwa bibi wa Kizungu mwenye gauni jeupe lililofungwa chini ya kifua, na nyuma yake bwana mrefu, buti zinang'ara, ameshika hatamu za farasi. Vitabu vya namna hiyo navijua tangu ujana wangu. Vilikuwa vikiuzwa vikuukuu njiani na kuazimwa mkono kwa mkono hata kurasa za mwisho zikapotea, na wengi wetu Kiingereza chetu tulikiokota humo.

"Mjomba, hebu nikuulize," akaniambia. "Bibi huyu alitakiwa na babake aolewe na mzee tajiri. Akamwambia babake usoni, sitaki. Akapanda farasi usiku, peke yake, akaenda London, akaishi atakavyo, na mwisho akaolewa na Duke. Haya ni mambo ya miaka 200 iliyopita. Sasa mbona bibi yangu, aliyeolewa juzi tu, hakuweza hata kufungua mdomo? Alikuwa mwoga?"

Bibi anayemsema ni mama yangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliolewa mwaka 1954, ana miaka 17, na mume aliyechaguliwa na wazee. Kahawa ilikuja ikapoa mbele yangu. Nilitaka kumkemea msichana, nikajizuia, maana kosa halikuwa lake. Kitabu kilikuwa kimemdanganya, na kwa uongo ule mama yangu akawa mwoga kaburini.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: riwaya ya mapenzi ya kale inadaiwa ukweli kiasi gani? Wako wasemao haidaiwi kitu, hadithi ni hadithi, anayetaka historia akasome historia. Mimi naona inadaiwa deni moja, na nataka msomaji anihukumu kama nimekosea.

ZAMA ZENYEWE

Kwanza tuzijue zama hizo, ambazo Waingereza huziita Regency. Mfalme George III alipoharibikiwa na akili hata akashindwa kutawala, mwanawe alifanywa kaimu wa mfalme mnamo Februari 1811. Akashika ukaimu huo mpaka babake alipofariki Januari 1820, naye akawa mfalme George IV. Ni miaka 9 tu. Lakini ndani ya miaka hiyo Napoleon alishindwa pale Waterloo, Juni 1815, na ndani yake pia Jane Austen alitoa riwaya zake, kuanzia Sense and Sensibility mwaka 1811.

Zama hizo si za mbali nasi kama tunavyodhani. Mwaka 1824, miaka 4 baada ya mfalme yule kufa, manowari ya Kapteni Owen ilitia nanga Mombasa, na watawala wa Kimazrui wakaomba ulinzi wa Mwingereza. Luteni Reitz, aliyeachwa hapa kuwa mwakilishi, alifariki mwaka uo huo, na jina lake twalitaja mpaka leo tusemapo Port Reitz. Maafisa wa bahari wa kizazi hicho ndio Jane Austen aliowaandika katika Persuasion, na alikuwa akiwajua vyema, maana ndugu zake wawili walikuwa wanamaji wa mfalme.

Jane Austen aliandika habari za siku zake. Aliyezigeuza siku zile kuwa uwanja wa hadithi za kale ni mwandishi mwingine, Georgette Heyer, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1974. Riwaya yake Regency Buck ilitoka mwaka 1935, na tangu hapo wafuasi wake hawahesabiki.

VIFUNGO VYA KOTI NA MAMBO YA MOYO

Watu wanaposema riwaya fulani ni ya kweli kihistoria, mara nyingi husifu mavazi. Na kweli, Heyer alijitaabisha. Alikuwa na vitabu vya marejeo vipatavyo 1,000, na madaftari aliyoyajaza habari za kofia, magari ya farasi, bei za vitu, na maneno ya mitaani ya zama zile. Alipoandika An Infamous Army, riwaya ya mwaka 1937 juu ya vita vya Waterloo, alisema kwamba kila neno alilomtia mdomoni Duke wa Wellington ni neno ambalo Wellington mwenyewe aliwahi kulisema au kuliandika.

Taabu hiyo naiheshimu. Lakini mwandishi akikosea kifungo cha koti, nani amedhulumiwa? Akimfanya msichana acheze dansi la waltz mwaka 1805, kabla halijakubaliwa kwenye karamu za wakubwa wa London, mjuzi atacheka, na mambo yamekwisha. Farasi wa riwaya hachoki, anakwenda usiku kucha bila ya kubadilishwa. Hilo nalo twalisamehe.

Kosa lisilosameheka ni la ndani ya mtu. Ni pale msichana anapovishwa gauni la mwaka 1813 akatiwa moyo wa mtu wa leo, asiogope walichokiogopa wenziwe, asidaiwe walichodaiwa wenziwe. Mhusika huyo haaminiki hata kama kila uzi wa gauni lake ni sahihi. Amevaa zama zile kama mtu avaavyo nguo ya kuazima arusini.

Hata tahadhari ndogo ndogo za siku zile zilikuwa na maana. Mwanamume na mwanamke wasioposana hawakuandikiana barua. Katika Sense and Sensibility, Elinor akiona nduguye Marianne anamwandikia kijana, papo hapo anadhani wamekwisha kuahidiana ndoa. Na barua yenyewe, mpaka mwaka 1840, kwa kawaida alilipia yule aliyeipokea. Kwa hiyo haikuwa rahisi barua ya siri kuingia nyumbani kwa watu bila mwenye nyumba kujua, maana mfuko wake ndio uliolipa. Naye mama wa kina Bennet katika Pride and Prejudice, baada ya miaka 23 ya ndoa, bado humwita mumewe "Mr Bennet". Wanaosoma haya hapa pwani, ambao mama zao hawakuthubutu kutaja jina la mume, hawatahitaji kuelezwa.

SHERIA ILIKUWA UPANDE GANI

Sasa turudi kwa bibi wa farasi wa usiku. Alisema "sitaki". Je, angesema nini tena asubuhi yake?

Sheria ya ndoa ya mwaka 1753 ilisema kwamba aliye chini ya miaka 21 hawezi kuoa wala kuolewa kwa kibali cha kanisa pasipo ruhusa ya baba au mlezi. Wakitaka kuoana kwa kutangazwa kanisani Jumapili 3, baba aliweza kusimama mbele ya watu akakataza. Ndiyo maana wapenzi wakitorokea Scotland, ambako sheria hiyo haikufika, kwenye kijiji cha mpakani cha Gretna Green. Kutoka London ni zaidi ya maili 300 kwa gari la farasi. Msichana aliyelala njiani na mwanamume asiye mumewe, kisha ndoa isifungwe, alikuwa amekwisha mbele ya watu.

Na akiolewa? Fedha zake na vitu vyake vikawa vya mumewe, na ardhi yake ikawa chini ya mkono wa mumewe. Hakuweza kufunga mkataba wala kumshitaki mtu kwa jina lake mwenyewe. Matajiri waliwawekea binti zao mali kwa wadhamini ili waikwepe sheria hiyo; wasio na kitu hawakuwa na la kukwepa. Mambo hayo hayakuanza kurekebishwa mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882. Wakiachana, watoto ni wa baba. Ndipo mwaka 1839 Bunge likampa mama nafasi ndogo ya kuwadai walio wachanga. Na talaka yenyewe, ya kumwezesha mtu kuoa au kuolewa tena, ilihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa kila ndoa, mpaka mwaka 1857.

Msomaji Mwislamu atashangaa hapa, kama nilivyoshangaa mimi niliposoma habari hizi mara ya kwanza. Tumezoea kuambiwa kwamba mwanamke wa Kizungu alikuwa huru tangu hapo, na wa kwetu ndiye aliyefungwa. Lakini katika sheria yetu mahari ni ya mke, na mali aliyokuja nayo ni yake akiwa mke na akiwa mjane, na binti ana fungu lake katika urithi. Sisemi kwamba kila nyumba ilitimiza hayo. Sheria ya kitabuni na mambo ya nyumbani ni vitu viwili, na wako mabinti waliodhulumiwa na ndugu zao hapa hapa petu. Nasema tu kwamba anayeandika juu ya bibi wa Kiingereza wa mwaka 1813 hana budi kujua alikuwa amesimama juu ya nini, na chini yake palikuwa na shimo gani.

WASICHANA WATATU

Nilimtolea mpwa wangu Pride and Prejudice, kitabu cha mwaka 1813, nikamwambia akisome kwanza, tutazungumza baadaye. Alikirudisha baada ya siku 6. Alimpenda Elizabeth Bennet. Alimchukia Charlotte Lucas.

Kisa chake, kwa wasiokijua: nyumba ya kina Bennet ina mapato ya pauni 2,000 kwa mwaka, lakini imefungwa kisheria, hairithiwi na wanawake. Mabinti ni 5, ndugu mwanamume hawana. Baba akifa, nyumba ni ya jamaa yao Mr Collins, mtu mpuuzi na mwenye kujikweza. Mr Collins anamposa Elizabeth, mwenye miaka 20, naye anakataa. Siku chache baadaye anamposa Charlotte, rafiki yake Elizabeth, mwenye miaka 27, asiye na mali wala uzuri. Charlotte anakubali.

"Charlotte amejiuza," mpwa wangu akasema.

Nikamwambia, tupige hesabu yake. Asipoolewa atabaki nyumbani kwa wazazi, kisha atakuwa mzigo wa ndugu zake, akilishwa kwa hisani. Kazi iliyomfaa mtu wa daraja yake ni ualimu wa majumbani, kulea watoto wa watu kwa mshahara mdogo. Mr Collins anampa nyumba yake mwenyewe. Charlotte hadanganyiki hata kidogo juu ya mume anayemchukua. Anajua anachonunua na anajua bei yake. Austen hamsifu wala hamcheki. Anamwacha aishi, na sisi tunamwona akipanga vyumba vyake ili mumewe akae upande mwingine na bustani yake.

"Na Elizabeth? Yeye alikataa."

Naam, alikataa, na hapo ndipo ustadi ulipo. Austen hakusema wanawake wa zama zile hawakukataa. Lakini tazama jinsi anavyotuonyesha Elizabeth amesimama juu ya nini. Mama yake anaapa hatamtazama tena asipoolewa na Mr Collins. Babake anasema yeye ndiye hatamtazama akiolewa naye. Lau baba angekuwa upande wa mama, mambo yangekuwa mengine. Na hata hivyo hatari haikuondoka: baba akifa kesho, Elizabeth hana pa kulala. Tunampenda kwa sababu tunaona alichokiweka rehani.

Wa tatu ni Lydia, mdogo wao, mwenye miaka 16, anayetoroka na afisa wa jeshi. Yeye ndiye anayefanana na bibi wa farasi wa usiku: anafanya atakalo, anacheka. Na bei inalipwa na wengine. Dada zake 4 wote wanatiwa doa. Mr Collins anaandika barua kwamba afadhali Lydia angekufa. Afisa yule hamwoi mpaka alipiwe madeni yake na kupewa fedha juu yake. Tendo la mtu mmoja linaitikisa nyumba nzima, kama lilivyokuwa likizitikisa nyumba za kwetu.

JANE MWENYEWE

Jane Austen hakuyaandika haya kwa kusikia. Desemba 1802 aliposwa na Harris Bigg-Wither, kijana atakayerithi jumba kubwa na mashamba. Jane alibakiwa na siku chache kutimiza miaka 27, umri ule ule aliompa Charlotte baadaye. Jioni alikubali. Asubuhi alikataa, akaondoka nyumba ile.

Babake alifariki mwaka 1805. Mama, Jane na dada yake wakawa wakitegemea msaada wa ndugu wanaume, wakihama nyumba hii na nyumba ile, mpaka mwaka 1809 ndugu yao Edward alipowapa nyumba ndogo kijijini Chawton. Huko ndiko alikotengenezea vitabu vyake. Haki ya Pride and Prejudice aliiuza kwa pauni 110, na jina lake halikutiwa katika kitabu chochote alichotoa akiwa hai. Alifariki Julai 1817, ana miaka 41.

Huyo basi ni mwanamke wa kweli aliyesema "sitaki". Alilisema, akalilipia kwa miaka. Mtu akinisimulia alivyokataa bila ya kunisimulia miaka ile ya kutangatanga, amenipa nusu ya kisa, tena ile nusu nyepesi.

WAANDISHI WA BAADAYE

Mpwa wangu akaniuliza kama hakuna mwandishi wa baadaye aliyeweza. Nikamwambia, wako. Heyer mwenyewe, katika A Civil Contract ya mwaka 1961, aliandika kisa cha kapteni aliyerudi vitani akamkuta babake amekufa na kumwachia madeni. Anampenda msichana mzuri, lakini anamwoa binti wa mfanyabiashara tajiri, mnene, asiye na sura, ili aiokoe nyumba ya wazee wake. Hakuna Duke anayetokea kuwaokoa. Mapenzi yao yanakuja polepole, katika chakula kinachoandaliwa kama mume apendavyo na maneno yasiyosemwa. Watu wengi waliooana kwa amri ya wazee wakaja kupendana watajiona humo.

Lakini hata Heyer hakosi lawama. Katika The Grand Sophy ya mwaka 1950 alimchora Myahudi mkopeshaji kwa chuki tupu, na kuzijua kofia na magari ya farasi hakukumzuia asimdhulumu mtu kwa kabila lake. Na wengi wa wafuasi wake husahau kuuliza utajiri wa mabwana wao ulitoka wapi. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku na Bunge la Uingereza mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni uliendelea mpaka sheria ya mwaka 1833, iliyoanza kazi mwaka 1834. Sukari ya chai ile ilikuwa na jasho la watu. Austen aliligusa jambo hilo katika Mansfield Park ya mwaka 1814, ambamo mwenye nyumba ana mali yake Antigua. Riwaya nyingi za leo zinakunywa chai bila ya kuuliza.

DENI NINALOLISEMA

"Kwa hiyo wataka wote walie?" mpwa wangu akaniuliza. "Basi raha ya kusoma iko wapi?"

Sitaki walie. Mapenzi yaishe kwa furaha, na arusi ipigwe. Ninachotaka ni bei ionekane. Mwandishi akitaka msichana wake akatae, na akatae; lakini aniambie atalala wapi usiku ule, nani atamlisha mwezi ujao, na dada zake wataolewa na nani. Akishaniambia hayo, ujasiri wake utanitetemesha. Asiponiambia, amewadhulumu wanawake wote wa zama zile walionyamaza kwa sababu walijua jibu la maswali hayo. Amewafanya waonekane kwamba mlango ulikuwa wazi na wao wakakataa kutoka. Hilo ndilo deni: tusiwafanye wafu waoga kwa kuficha kuta zilizowazunguka.

Hapo ndipo nilipomweleza habari za bibi yake, ambazo mimi nilisimuliwa na somo yake mama, nilipokuwa mtu mzima.

Mama alipoambiwa amepata mchumba, hakusema "sitaki". Usiku alimwendea somo yake, akamwambia: "Waambie wazee nimeridhia, kwa masharti mawili. Sitoki mtaa huu maadamu mama yangu yu kitandani mgonjwa. Na mahari yangu nayataka mkononi mwangu, si mkononi mwa baba." Wazee wakacheka. Kisha wakanuna. Babake hakusema naye kwa siku arubaini. Mwisho bwana arusi mwenyewe ndiye aliyesema binti hakukosea, nao wakakubali.

Kwa mahari yale alinunua cherehani. Babangu alipougua akashindwa kufanya kazi bandarini, sisi watoto 5 tulilishwa na cherehani ile, na ada za shule zilitoka humo. Mimi nimeweza kusoma Jane Austen kwa ajili ya masharti ya msichana wa miaka 17. Charlotte Lucas hakuwa na hilo; angalinunua cherehani, ingalikuwa ya Mr Collins.

Mpwa wangu alikaa kimya kitambo, kitabu chake cha Duke kimelala mapajani. Kisha akaniuliza cherehani hiyo iko wapi siku hizi.

"Iko kwenu," nikamwambia. "Ni ile iliyofunikwa kitambaa cha maua chumbani kwa mama yako, ambayo wewe hupanga vitabu vyako juu yake."